Deni la Asiyetajwa: Muziki wa Kasi, Mashine Zinazojifunza kwa Shirikisho na Swali la Mwenye Mali

Kila kizazi hurithi vitu ambavyo hakikuvitengeneza, na wanafalsafa wa maadili pamoja na wanazuoni wa sheria za dini wamejiuliza tangu kale ni deni gani linalomfunga mrithi kwa waliomtangulia. Swali hilo huwa jepesi pale mtoaji anapojulikana na kitu kilichotolewa kinapoonekana, kwani hapo mdai na mdaiwa husimama mbele ya kadhi au hakimu, ushahidi ukasikilizwa na hukumu ikatolewa. Huwa zito pale kitu kinapovunjwavunjwa, kikachanganywa na vya watu wengine maelfu, kikazaa kitu kipya ambacho hakuna hata mmoja kati ya waliochangia anayeweza kukinyooshea kidole na kudai sehemu yake. Nyanja mbili za zama hizi, ambazo ni nadra kutajwa pamoja, zimelifikisha swali hilo mahali ambapo haliwezi kuahirishwa tena: utengenezaji wa muziki wa dansi wa kasi unaopigwa katika klabu na mikesha ya mitaani, na ujifunzaji wa mashine uliogatuliwa, yaani ule ambao programu moja hufundishwa na kompyuta nyingi zilizotawanyika bila data zao kukusanywa mahali pamoja.

Katika muziki, kisa cha kuchunguzwa kwanza ni cha sekunde zisizofika saba. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ya Marekani ilitoa santuri ambayo upande wake wa kwanza ulikuwa na wimbo “Color Him Father”, uliopata umaarufu mkubwa, na upande wa pili ulikuwa na kibao cha ala tupu kiitwacho “Amen, Brother”, kilichotokana na wimbo wa injili. Katikati ya kibao hicho ala nyingine zote hunyamaza, naye mpiga ngoma Gregory Coleman hubaki akipiga peke yake kwa vipimo vinne vya muziki. Katika miaka ya 1980, zilipoenea mashine za sampuli, yaani vifaa vinavyorekodi kipande kifupi cha sauti na kukirudia kwa mwendo wowote autakao mtumiaji, kipande hicho kilikatwa, kikaharakishwa na kupangwa upya, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikawa mhimili wa jungle na drum and bass, mitindo ya klabu za Uingereza ambayo mapigo yake hukimbia takriban 160 hadi 180 kwa dakika. Nyimbo zilizojengwa juu yake zinahesabika kwa maelfu. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa fukara, bila kulipwa chochote kwa matumizi hayo. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, aliyekuwa mwenye hakimiliki, naye hakupata mrabaha kwa miongo mingi, hadi mwaka 2015 wapenzi wa muziki huo walipochanga takriban pauni 24,000 na kumkabidhi.

Mchango ule ulikuwa wa heshima na waliouanzisha wanastahili sifa, lakini ulikuwa hisani, na hisani ikija mahali pa haki huliacha swali la haki palepale lilipokuwa. Zaidi ya hayo, hata sheria ingefuatwa tangu siku ya kwanza, malipo yangemfikia mwenye hakimiliki, ilhali mikono iliyoipiga ngoma ile ilikuwa ya mtu mwingine. Sheria ya nchi ililiona jina lililoandikwa kwenye hati, wala haikumwona aliyetoka jasho, na hapo ndipo falsafa inapolazimika kuuliza jambo ambalo mahakama haiulizi.

Dar es Salaam imezaa muziki unaokimbia kuliko huo. Singeli, iliyochipuka katika mitaa ya uswahilini kama Manzese, Tandale na Mburahati, hupigwa kwa mapigo yanayozidi 200 kwa dakika na mara nyingine kukaribia 300, na asili yake imefungamana na mchiriku, muziki wa mitaa hiyohiyo uliotegemea vinanda vidogo vya Casio, pamoja na taarabu iliyozoeleka katika shughuli za harusi na vigodoro, yaani mikesha ya mitaani. Prodyuza wa singeli kwa desturi huanza na lupu, yaani kipande kifupi cha muziki kinachojirudia bila kukoma; hukikata kutoka kwenye kibao cha taarabu au cha mchiriku, hukiongeza kasi mpaka sauti ya kinanda inapanda na kuwa nyembamba, hukitandikia ngoma, kisha MC hughani juu ya vyote hivyo kwa pumzi inayoonekana kutokuwa na mwisho. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa “Sounds of Sisso”, uliotokana na studio ya Sisso ya Mburahati, na kwa njia hiyo wasikilizaji wa Ulaya wakaufahamu muziki ambao watoto wa uswahilini walikuwa wakiucheza kwa miaka mingi. Maprodyuza kama Bamba Pana, Jay Mitta na Duke walitoa kazi zenye majina yao, jambo la kufurahisha kweli kwa sababu ndilo alilolikosa Coleman. Lakini mpiga kinanda wa taarabu ambaye noti zake chache ndizo zinazozunguka ndani ya biti hizo kwa kawaida hatajwi.

Hata hivyo alama yake haijafutika. Mtu aliyekulia kwenye taarabu za zamani anaweza kuisikia singeli ikipita mtaani na kutambua lupu ile ilikatwa wapi, nani alikuwa akipiga na nani akiimba. Sampuli humnyima mtoaji malipo, lakini haimnyimi ushahidi, na maadamu ushahidi upo, deni linaweza kudaiwa siku moja, kama si na mwenyewe basi na watoto wake.

Ujifunzaji wa mashine uliogatuliwa hufuata njia iliyo kinyume. Modeli ya kompyuta, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mkusanyiko wa namba ziitwazo vizito, ambazo huweza kufika mamilioni au mabilioni, na ambazo hurekebishwa kidogo kidogo kila modeli inapooneshwa mfano, hadi iweze kukisia neno, picha au sauti inayofuata. Kwa kawaida mifano hiyo hukusanywa kwenye seva za kampuni inayofundisha. Mwaka 2016 watafiti wa Google wakiongozwa na Brendan McMahan walieleza mbinu ya shirikisho: seva hupeleka nakala ya modeli kwenye simu au kompyuta nyingi, kila moja huifundisha nakala yake kwa data zake za nyumbani, kisha hurudisha marekebisho ya vizito peke yake, na seva huyachukua marekebisho yote, hutafuta wastani wake, hutengeneza modeli mpya na kuanza duru nyingine. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitangaza kuijaribu mbinu hiyo katika kibodi yake ya simu za Android, ambapo simu hujifunza ikiwa kwenye chaji na haitumiki. Ipo pia aina isiyo na seva ya katikati kabisa, ambamo kila mashine hubadilishana vizito na majirani zake tu, nao majirani na majirani zao, mpaka baada ya duru nyingi zote zinakaribia kufanana.

Ahadi ya mbinu hii ni faragha: picha, maneno na sauti za mtu hazitoki nyumbani kwake. Ahadi hiyo haikutimia kirahisi, kwani mwaka 2019 watafiti wa MIT walionesha kwamba marekebisho yanayotumwa yanaweza kutumika kuunda upya picha au maandishi yaliyofundishia, na kwa sababu hiyo kinga nyingine huongezwa. Moja ni usimbaji unaoiwezesha seva kuona jumla bila kuona cha mtu mmojammoja. Nyingine, iliyotokana na kazi ya Cynthia Dwork na wenzake ya mwaka 2006, ni kuchanganya kelele za kitakwimu kwa kipimo maalumu, ili kuwepo au kutokuwepo kwa mtu mmoja kusibadilishe matokeo kwa kiasi kinachoweza kugundulika. Msomaji na autazame vizuri ukamilifu unaotafutwa hapa: kadiri kinga inavyofanikiwa, ndivyo inavyokuwa vigumu kuthibitisha kwamba mchangiaji fulani aliwahi kuwapo. Katika sampuli kitu chenyewe huchukuliwa na alama ya mwenyewe hubaki. Katika shirikisho kitu hubaki nyumbani, funzo lililomo ndani yake huondoka, na alama ya mwenyewe hufutwa kwa makusudi na kwa nia njema.

Fikra hizi mbili zikiletwa pamoja, swali hupata makali yake. Zikichukuliwa, kwa mfano wa kufikirika, studio kadhaa za Dar es Salaam na Kampala zinazokubali kufundisha kwa shirikisho modeli ya kutunga biti za kasi, kila moja ikitumia mafaili yake bila kuyatoa kwenye kompyuta yake, hakuna wimbo utakaokuwa umeibwa, na sheria ya hakimiliki inayotafuta nakala huenda isipate nakala ya kuishika. Modeli itakayotoka itajua namna ya kuikata lupu, mahali pa kuingiza ngoma na namna ya kupandisha kasi bila kumpoteza mchezaji. Ujuzi huo wote ulikaa vichwani na mikononi mwa watu, na sasa utakuwa umekaa mahali pengine. Je, watu hao wana haki ya kudai kitu?

John Locke, katika kitabu chake kuhusu utawala kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1689, alifundisha kwamba mtu hupata umiliki kwa kuichanganya kazi yake na kitu ambacho bado hakina mwenyewe. Mwaka 1974 Robert Nozick aliijaribu hoja hiyo kwa swali lililopata umaarufu: mtu akiimwaga juisi yake ya nyanya baharini mpaka ikasambaa sawasawa katika maji yote, je, ameipata bahari au ameipoteza juisi? Nozick alikusudia kuonesha kwamba kuchanganya peke yake hakutoshi kuzaa umiliki, na kwa upande wa bahari yuko sahihi. Lakini wenye modeli wanaotumia fikra kama hiyo kusema kwamba mchango uliokwisha kuyeyuka hauna mdai wanasahau tofauti kubwa, kwamba bahari ilikuwapo kabla ya juisi kumwagwa, ilhali modeli kabla ya kufundishwa ni namba zilizopangwa kwa bahati nasibu, zisizojua chochote. Hapa hakuna maji mengine. Bahari nzima ni juisi za watu. Anayesema kila tone ni dogo mno kuhesabiwa anatakiwa aeleze kile kikubwa kilichobaki mikononi mwake kilitoka wapi.

Hoja yenye nguvu zaidi kwa upande wa wanaofuta alama hutoka kwenye dini, na inastahili kusikilizwa kwa heshima. Uislamu na Ukristo vyote viwili vinaisifu sadaka ya siri kuliko ya hadharani, na vyote viwili vinafundisha kwamba anayetoa asitafute kutajwa. Maadili ya pwani nayo yanaihesabu sitara, yaani kumsitiri mwenzio, kuwa miongoni mwa fadhila za juu. Kwa mtazamo huo, mchangiaji asiyejulikana amewekwa kwenye daraja bora, na anayetaka jina lake liandikwe anatafuta ria, yaani kuonekana na watu. Lakini hoja hii hugeuza nafasi za watu. Siri ya sadaka ni ya mtoaji, ambaye huichagua kwa hiari yake akijua anatoa nini na kwa nani, na thawabu yake iko katika uchaguzi huo. Mpokeaji hakupewa ruhusa ya kumfuta mtoaji halafu akauita ufutaji huo utakatifu, na wala hakuna mafundisho yanayomruhusu aliyepokea kukana kwamba alipokea. Sitara humlinda mtu na aibu na madhara. Haikuwekwa ili kumlinda mdaiwa asikutane na mdai wake. Faragha na haki ni vitu viwili, na mfumo unaotoa cha kwanza kwa ukamilifu unaweza kuwa ndio unaokizika cha pili.

Tena wastani wenyewe hauwatendei wote sawa, ingawa neno hilo lina sauti ya usawa. Katika mbinu iliyoelezwa mwaka 2016, mchango wa kila mashine hupimwa kwa wingi wa mifano yake, kwa hiyo studio yenye mafaili elfu kumi huivuta modeli kwa nguvu mara mia kuliko yenye mafaili mia moja. Wahandisi wanajua pia kwamba data zisipofanana kati ya mashine na mashine, modeli ya pamoja huyumba na hujifunza polepole, na njia kadhaa za kuituliza hufanya kazi kwa kuzizuia nakala zisiende mbali na ile ya katikati. Kwa mtindo ulio katikati hilo si tatizo. Kwa muziki unaokwenda mapigo 280 kwa dakika miongoni mwa mitindo mingi ya klabu inayotembea 120 au 130, ni hatari ya kweli, kwa sababu kilichoufanya uwe na thamani ndicho ambacho hesabu itakiona kama kasoro ya kunyooshwa. Mchangiaji wa namna hii hupata hasara mara mbili: hatajwi, na anachokijua yeye peke yake kinapunguzwa ili kifanane na cha wenzake.

Fikihi ya Kishafii, madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ina mlango mzima kuhusu mali ya kuokota, na mlango huo una hekima ambayo mjadala wa leo umeikosa. Mtu akiokota mali yenye thamani hawi mmiliki wake kwa kuiokota. Huwa mwenye kuitunza, na akitaka hatimaye kuitumia anatakiwa aitambue sifa zake, kisha aitangaze mwaka mzima mahali ambapo mwenyewe anaweza kusikia. Mwaka ukipita bila mwenyewe kutokea, mwokotaji anaweza kuifanya mali yake, lakini deni halifi, kwani mwenyewe akija baadaye na akathibitisha, atarudishiwa mali au atalipwa thamani yake. Kanuni hii haimnyimi mwokotaji matumizi milele, wala haiachi kitu kioze kwa kumsubiri asiyekuja; inachokataa ni kule kugeuza kutojulikana kwa mwenye mali kuwa hati ya umiliki. Kwa kipimo hicho, kosa kubwa katika kisa cha Coleman halikuwa kukitumia kipande chake, kwa kuwa matumizi hayo yalizaa uzuri ambao haukuwapo. Kosa lilikuwa kutotangaza, hasa kwa kuwa jina la bendi liliandikwa kwenye santuri ileile iliyokatwa.

Mlango wa mali ya kuokota, hata hivyo, haulitoshi shirikisho, kwa sababu humo wachangiaji wapo hai na wanajulikana kabla ya duru ya kwanza kuanza. Linalofaa zaidi ni wazo la wakfu. Anayeweka wakfu huitoa mali yake idumu, mtu yeyote asiweze kuiuza wala kuirithi, na manufaa yake yaende kwa waliotajwa. Umiliki wake, kwa kauli iliyo mashuhuri kwa Mashafii, huhamia kwa Mwenyezi Mungu, na msimamizi hubaki mtumishi anayebanwa na masharti ya mwekaji. Zanzibar ina kamisheni ya serikali inayosimamia wakfu na mali za amana, na misikiti, visima na nyumba nyingi za pwani zimeendeshwa kwa utaratibu huo kwa vizazi. Kiini chake ni mali isiyokwisha kwa kutumiwa, na ni vigumu kupata kitu kinachoingia katika sifa hiyo kuliko modeli, ambayo inaweza kutumiwa mara milioni na vizito vyake visipungue hata kimoja. Wapo wanazuoni watakaopinga kuutaja mlango huu mtukufu pamoja na muziki wa klabu, kwa kuwa wakfu huwekwa kwa ajili ya kheri na hukumu ya muziki wenyewe ina mjadala mrefu. Pingamizi hilo lina uzito ndani ya fikihi, na haliondolewi hapa. Kinachoazimwa ni muundo wa haki, ambao humtenganisha msimamizi na mmiliki na kuyapa nguvu masharti ya waliotoa hata baada ya wao kutoonekana tena.

Lipo pingamizi jingine, linalosemwa kwa sauti ya utu wa Kiafrika: kwamba ngoma haijawahi kuwa ya mtu mmoja, kwamba mchiriku na taarabu vyenyewe viliazima kutoka kwa waliotangulia, na kwamba kudai mafungu ni kuingiza uchoyo mahali palipokuwa na ushirika. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alilijibu jambo linalokaribiana na hili alipowapinga wale walioifanya jamii kuwa kila kitu, akisisitiza kwamba mtu ana thamani na haki zake hata anapolelewa na jamii. Mwalimu Nyerere naye, katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu ujamaa, aliuweka ushirika juu ya sharti kwamba asiwepo anayeishi kwa jasho la wengine. Wapiga mchiriku walioazimana nyimbo walikuwa wakikutana kwenye shughuli zilezile, na aliyeazima leo alikuwa ataazimwa kesho. Pakiwa na mmoja asiyewahi kuazimwa, anayekusanya mafunzo ya wote na kuuza huduma, jina la ushirika halimstahili. Na kwa wanaosema kwamba mafungu hayahesabiki, Lloyd Shapley alitoa mwaka 1953 kanuni ya kugawa faida ya kazi ya pamoja kulingana na mchango wa kila mshiriki; kuipiga hesabu hiyo kwa ukamilifu kwenye modeli kubwa ni gharama kubwa, lakini makadirio yake yanatumika, na ugumu wa hesabu haujawahi kuwa udhuru wa kutolipa.

Sheria za nchi bado zimeligawa jambo hili vipande viwili visivyokutana. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda kazi iliyokwisha kutungwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomlinda mtu na taarifa zinazomhusu. Kenya ilipitisha sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019. Funzo linalotolewa kwenye kazi za watu wengi bila nakala wala jina hukaa katikati ya sheria hizo, mahali ambapo ulinzi wake ni hafifu. Zaidi ya hapo, kumtoa mchangiaji mmoja kutoka kwenye modeli iliyokwisha kuchanganywa ni kazi ngumu ambayo mara nyingi hudai kufundisha upya tangu mwanzo, kwa hiyo anayengoja kudai baadaye atakuta hakuna cha kushika. Maprodyuza watakaoombwa kuziunganisha kompyuta zao, na wahandisi watakaowaomba, waandike masharti kabla ya duru ya kwanza: nani msimamizi, modeli itatumika kwa kazi gani na isitumike kwa ipi, orodha ya waliochangia itatunzwa na nani, na mapato yatagawanywa kwa kanuni ipi. Asiyepewa masharti hayo kwa maandishi, na azime kompyuta yake asishiriki.